Mtu ni Afya, Hata Ugenini

Hotuba ya muuguzi mstaafu, mwanachama wetu, aliyoitoa Queensbury katika mkutano wa familia wa kukaribisha Sikukuu ya Uhuru. Tumeichapa kama ilivyosomwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa mbele kwa kuwa mmesikia chakula kitafuata baada ya hotuba:

Nimepewa nafasi nizungumzie moyo. Najua harufu ya pilau imeshafika humu ndani, na najua kumsikiliza muuguzi mwenye njaa si raha. Nitajitahidi niseme yanayohusu, kisha tukale, na nitaeleza pia namna ya kukila hicho chakula bila kukiogopa.

Tunaadhimisha tarehe 9 Desemba 1961. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere alivyotufundisha kwamba baada ya kumwondoa mkoloni tumebaki na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wengi wetu tuliopanda ndege kuja huku tulikuwa tunamkimbia yule wa tatu, umaskini. Tumefanya kazi, tumejenga nyumbani, tumesomesha watoto. Lakini adui wa pili tulikuja naye kwenye ndege ileile, na huku amenenepa pamoja na sisi.

Chama chetu kina kazi nyingi nzuri, lakini tuseme ukweli, kuna kazi moja inayotukutanisha haraka kuliko zote, nayo ni msiba. Simu inapigwa usiku, ujumbe unazunguka, na kesho yake tumekaa na daftari la michango. Sitamtaja mtu. Kila mmoja wenu anamkumbuka wake. Mara ngapi tumemsindikiza mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa kazini wiki iliyopita, tukiambiwa ni moyo, au ni kiharusi, au "presha ilipanda"? Tunachanga tukiwa na uchungu, na tutaendelea kuchanga, kwa sababu ndio utu wetu. Ninachoomba leo ni tuanze kuchangiana tukiwa bado hai. Mchango huo hauhitaji pauni nyingi.

Kwa nini sisi

Wapo wanaosema haya ni magonjwa ya Wazungu. Wakati fulani maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Dokta Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka mingi, alikuwa haoni kabisa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Waafrika waliokuja hospitali. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki habari ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa huo, na lilionekana ni jambo la kuandikwa kwa sababu lilikuwa geni. Mgonjwa mwenyewe alikuwa jaji, mtu mnene, aliyezoea maisha na mlo wa Kizungu. Kwa hiyo damu ya Kiafrika haikuwa kinga. Kinga ilikuwa namna watu walivyokula na walivyotembea, na jaji yule alikuwa ameshaiacha.

Mfano wa pili ni wa majirani zetu Wajaluo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Uingereza waliwafuatilia watu waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapwa mwaka 1990. Waliohamia mjini presha yao ilianza kupanda mapema, katika miezi ya mwanzo tu. Vipimo vya mkojo vilionyesha wanakula chumvi nyingi zaidi, na potasiamu, ile tunayoipata kwenye mboga, matunda na mizizi, ilikuwa haitoshi kulingana na chumvi ile. Uzito nao ulikuwa umeongezeka.

Ndugu zangu, hao walihama kwa basi, ndani ya nchi moja. Sisi tumehamia London, kwenye baridi, zamu za usiku, mkate wa dukani na kuku wa kukaanga kila kona. Kama safari ya kutoka ziwani hadi Nairobi ilipandisha presha, yetu je?

Takwimu za hapa Uingereza zinasema mambo mawili yanayotuhusu. Watu wenye asili ya Afrika hupata shinikizo la damu na kiharusi zaidi ya wengine, na mara nyingi wakiwa na umri mdogo zaidi. Wenye asili ya Bara Hindi hupata zaidi mshtuko wa moyo na kisukari. Katika chama chetu tuna wote, na wapo waliochanganya damu zote mbili. Na hapa Queensbury na Kingsbury majirani zetu wengi walitoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kabla yetu. Ndiyo maana hatujawahi kukosa bamia wala ndizi mbichi. Hili la moyo ni letu sote.

Kolesteroli ni nini

Kolesteroli, au lehemu kama wataalamu wa nyumbani wanavyoiita, ni aina ya mafuta yaliyomo katika damu. Mwili unaihitaji kujenga chembe zake na kutengeneza homoni, na sehemu kubwa inatengenezwa na ini lenyewe. Kwa kuwa mafuta na maji havichanganyiki, hubebwa katika damu ndani ya vifurushi. Vipo viwili vya kukumbuka. LDL ndiyo watu huiita kolesteroli mbaya: ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa, miaka kwa miaka, mpaka panaota utando kama ukoko kwenye sufuria. HDL ndiyo nzuri, kwa kuwa husaidia kuirudisha kolesteroli kwenye ini.

Siku moja ukoko ule unapasuka, damu inaganda juu yake, na njia inaziba. Ikiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo. Ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi. Hadi siku hiyo mwenyewe alikuwa hasikii lolote. Kolesteroli haiumi, haiwashi, haikoholeshi. Presha nayo ni hivyohivyo. Anayengoja dalili ndipo apime ni kama anayengoja moto ndipo achimbe kisima.

Kwenye ini kuna milango midogo inayovuta LDL kutoka kwenye damu. Wanasayansi wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliigundua milango hiyo na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ukila sana mafuta yanayoganda, milango inapungua na LDL inabaki inazunguka. Ukiyapunguza, milango inaongezeka. Kwa hiyo mafuta tunayopikia yana uzito kuliko kolesteroli iliyomo ndani ya yai. Kwa watu wengi yai halina neno. Kikaango chake ndicho cha kuuliza.

Wamasai je?

Kila nikizungumza habari hii, mzee mmoja ananyoosha mkono: "Mbona Wamasai wanaishi kwa maziwa na nyama na hawaanguki?" Swali zuri, na limechunguzwa. Dokta George Mann kutoka Marekani aliwapima Wamasai wa Tanganyika, akachapa matokeo mwaka 1964: walikunywa maziwa mengi, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa ndogo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapa uchunguzi wa mioyo ya Wamasai waliokuwa wamefariki. Utando wa mafuta ulikuwemo kwenye mishipa yao, tena si haba, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikaendelea kupita. Watafiti walidhani sababu ni mwendo, kwa maana watu wale walitembea kila siku ya maisha yao.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukitaka kula kama Mmasai, tembea kama Mmasai. Anza kwa kuchunga ng'ombe kutoka hapa hadi Wembley na kurudi, halafu tuzungumzie nyama choma.

Jikoni kwetu

Sikuja kuwaambia mwache chakula chetu. Chakula cha nyumbani, kile cha siku za kawaida, ni dawa: maharage, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, kisamvu, bamia, dagaa, samaki, ugali wa dona, matunda. Kilichotupata ni kwamba chakula cha sikukuu tumekifanya cha kila Jumamosi. Pilau, biriani, sambusa, maandazi na mishkaki zamani vilikuwa na tarehe zake. Huku friji limejaa, na kila wikiendi kuna shughuli.

Nianze na mafuta. Mafuta yanayoganda kwenye baridi ya chumba ndiyo ya kupunguza: samli, siagi, mafuta ya nyama, ya nazi, na kwa kiasi fulani mawese. Ushauri wa NHS ni mwanamume asizidishe gramu 30 za mafuta hayo kwa siku, na mwanamke gramu 20. Kijiko kikubwa kimoja cha samli kina karibu gramu 8. Kopo la tui zito la mililita 400 mara nyingi lina zaidi ya gramu 50. Watu wa Pwani na Visiwani msinitoe nje. Sijasema mwache nazi. Tumieni nusu kopo mwongeze maji, kama mama zetu walivyotumia tui jepesi kupikia na kuliacha tui zito kwa siku maalumu. Kwenye mchuzi wa kila siku tumieni mafuta ya alizeti, ya mbegu za mboga au ya zeituni, na yapimeni kwa kijiko. Yakimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, mkono huwa hauna breki.

Pili, nyuzinyuzi. Mtu mzima anahitaji gramu 30 kwa siku, na wengi hatufiki. Zipo kwenye maharage na jamii yake, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa. Zipo za aina moja zinazonasa kolesteroli tumboni na kutoka nayo. Zimejaa kwenye oti na kwenye shayiri. Wanaofunga Ramadhani wanaufahamu uji wa shayiri. Basi usingoje Ramadhani. Bakuli la uji wa oti au shayiri asubuhi, bila sukari ya kumwaga, ni kifungua kinywa bora kuliko maandazi mawili. Na ndizi za kupika, mihogo na viazi ni chakula kizuri, lakini havihesabiwi katika yale mafungu matano ya mboga na matunda ya kila siku. Hivyo viko upande wa ugali.

Tatu, chumvi. Kiasi cha mwisho kwa siku ni gramu 6, yaani kijiko cha chai kimoja, tena ukihesabu iliyomo kwenye mkate, soseji, chipsi na vile vidonge na unga wa kuongeza ladha ya mchuzi. Mtu anaweka chumvi, kisha kidonge, kisha akiwa mezani anaomba chumvi kabla hajaonja. Weka kimoja. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili hupandisha ladha bila kupandisha presha. Ulimi unazoea baada ya wiki chache.

Nne, watoto. Nyinyi mnaosoma Kiingereza haraka kuliko sisi, nawapa kazi. Kwenye pakiti nyingi dukani kuna rangi kama taa za barabarani: nyekundu, njano, kijani. Mkiwa na mama dukani, nyinyi ndio trafiki. Ukiona nyekundu kwenye mafuta, sukari au chumvi, mwambie kwa adabu, "Mama, hii ina taa nyekundu." Na nyinyi wenyewe mkitoka shule, kabla ya kuingia kwenye duka la kuku na chipsi, kumbukeni taa hiyo haiandikwi juu ya boksi la kuku, lakini ipo.

Na leo kwenye pilau? Kula. Jaza nusu ya sahani kachumbari na mboga, robo wali, robo nyama au samaki. Ukimaliza, zungumza na jirani yako dakika kumi kabla ya kurudi kwenye sufuria. Tumbo huchelewa kupeleka habari.

Kondakta na dereva

Katika chama chetu wapo madereva wa basi, kwa hiyo habari hii ni yenu. Dokta Jerry Morris aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa hapa London, akachapa matokeo mwaka 1953. Dereva na kondakta walitoka mitaa ileile na walifanya kazi kwenye basi lilelile. Mmoja alikaa siku nzima. Mwenzake alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Huo ni miongoni mwa uchunguzi wa kwanza kabisa ulioonyesha kwamba kukaa kunaua na ngazi zinaokoa.

Yale mabasi ya Routemaster yaliyokuwa na kondakta yaliondolewa kwenye huduma za kawaida tarehe 9 Desemba 2005, kwenye njia namba 159. Yaani siku ya Uhuru wetu. Tangu hapo tumekuwa karibu wote madereva: kwenye basi, teksi, kompyuta na sofa.

Ushauri ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uhemehe kidogo lakini bado uweze kuzungumza. Ni nusu saa kwa siku tano. Na mara mbili kwa wiki ufanye kazi ya kukaza misuli, hata ni kubeba mifuko ya soko au kuinuka kwenye kiti bila mikono. Hapa hatuna kisingizio. Ukirudi na Jubilee kutoka mjini, shuka Kingsbury, tembea hadi Queensbury. Roe Green Park iko hapo katikati. Siku ya mapumziko nenda Fryent Country Park, panda Barn Hill, uuone uwanja wa Wembley ukiwa juu. Jumamosi saa tatu asubuhi watu hukusanyika Gladstone Park kukimbia au kutembea kilomita tano, na hawalipishi.

Kuna wenzetu wanaotunza wazee usiku, wakirudi asubuhi miguu imevimba, ukiwaambia mazoezi wanakuona huna huruma. Kwenu nasema dakika kumi tu, mara tatu kwa siku, zinahesabika. Na usingizi wenu ulindwe. Anayelala mchana kwa sababu alifanya kazi usiku asipigiwe simu za harusi saa nne asubuhi. Hiyo nayo ni huduma ya moyo.

Sigara sina maneno mengi: hakuna zuri litakalomfaa mvutaji kuliko kuacha. Na kijana anayedhani shisha ni mvuke wa matunda ajue kwamba ni moshi wa tumbaku na mkaa.

Zijue namba zako

Mtu anajua namba ya gari lake, namba ya siri ya benki, hata matokeo ya Simba na Yanga ya miaka kumi iliyopita. Presha yake haijui.

Hapa England, mwenye miaka 40 hadi 74 asiye na ugonjwa wa moyo, kisukari au mengine ya aina hiyo anastahili uchunguzi wa afya wa NHS bila malipo kila baada ya miaka mitano. Barua ikija usiiweke juu ya friji. Isipokuja, piga simu kwa daktari wako wa familia uulize. Na ukifikisha miaka 40, maduka mengi ya dawa yanakupima presha bure.

Kwa jumla, presha ya kupimwa kliniki ikiwa 140 kwa 90 au zaidi ni ya kufuatiliwa. Kolesteroli yote kwa pamoja inafaa iwe chini ya 5. Ukitoa ile nzuri, inayobaki iwe chini ya 4. Nzuri yenyewe iwe zaidi ya 1 kwa mwanamume na zaidi ya 1.2 kwa mwanamke. Kwa tumbo hauhitaji hata mashine: chukua kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Isipofika, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na moyo unabeba mzigo.

Kama baba, mama, kaka au dada yako alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 60, mwambie daktari. Ipo kolesteroli ya kurithi, inapata karibu mtu mmoja kati ya 250, hata mwembamba na mla mboga. Haiondoki kwa mazoezi peke yake, na watoto wao wanafaa kupimwa mapema. Jamani, hii tabia ya kuficha "alikufa kwa nini" inawanyima watoto wetu habari yenye thamani kuliko shamba la urithi.

Kuhusu dawa

Daktari akichukua namba zako zote hukokotoa uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Ukifika asilimia 10 kwa kawaida atakushauri statini. Dawa hii inapunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, na ini likipungukiwa linafungua milango zaidi ile niliyowaeleza. Imeokoa watu wengi sana.

Lakini sisi tuna tabia zetu. Tunameza mwezi mmoja, tunapima, namba imeshuka, tunasema tumepona, tunaacha. Namba imeshuka kwa sababu ya dawa, ukiiacha, inapanda. Misuli ikiuma, mwambie daktari, maana zipo dawa nyingine na dozi nyingine. Usiache kimyakimya. Usimpe mgeni aliyetoka Dar dawa zako kwa sababu "presha yetu ni moja". Statini haitumiwi na mjamzito. Balungi na maji yake hugombana na baadhi ya statini, kwa hiyo uliza. Kitunguu saumu, asali na ndimu ni chakula kizuri, endelea navyo, lakini visichukue nafasi ya kidonge. Na anayefunga azungumze na daktari au mfamasia kabla, apangiwe saa za dawa. Wenye miaka 60 na zaidi hawalipii dawa hapa England. Walio chini ya hapo wanaweza kununua cheti cha malipo ya mapema kikawapunguzia gharama.

Saa ya hatari

Hili nawaomba hata watoto walishike. Mtu akishikwa na kifua kama amebanwa au amekaliwa na kitu kizito, maumivu yakaenda mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, akatoka jasho, akakosa pumzi au akasikia kichefuchefu: piga 999. Kwa kina mama dalili zinaweza kuwa hafifu, wakadhani ni gesi. Kwa kiharusi angalia mambo matatu: uso umeanguka upande mmoja? Mkono mmoja hauinuki? Maneno yanakwama? Moja likionekana, piga 999 hapohapo. Usimpigie kwanza mjomba, usimpigie mwenyekiti wa chama, usimwendeshe mgonjwa mwenyewe. Dakika zinazopotea ni misuli ya moyo na ubongo inayokufa. Watoto, anuani ya nyumbani na postikodi mnaijua? Leo kabla ya kulala, kila mtoto amsomee mzazi wake.

Ombi langu kwa chama

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wanakumbuka: watu walikaa kwa vikundi chini ya mti wakiizunguka redio, na kitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakainuka wakafanye. Walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Walichimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi. Wengi wao walikuwa ndio kwanza wamejifunza kusoma. Kilichowawezesha ni kwamba hakuna aliyeachwa apambane peke yake.

Naomba tufanye hivyo hapa. Vikundi vya familia nne au tano za jirani. Wiki kumi na mbili. Kila wiki kikundi kinatembea pamoja mara moja, kinapika sufuria moja kwa namna mpya, na mtu mmoja anakumbushwa kwenda kupima. Chama kinunue mashine mbili za kupimia presha zizunguke kwenye vikundi. Wauguzi tuliopo, wastaafu na walio kazini, tutajitolea kufundisha. Na kwenye shughuli zetu, kuanzia harusi ijayo, meza ya matunda na maji iwe karibu na mlango, soda ziwe mbali.

Mwaka 1961 tuliambiwa Uhuru na Kazi. Uhuru tulipewa na waliopigania; kazi ikabaki kwetu. Kazi ya safari hii ni ndogo ukiilinganisha: kijiko cha samli kipunguzwe, kituo kimoja kitembewe, barua ya daktari ifunguliwe. Nataka mwakani nikiwatazama kutoka hapa niwaone wote mlioketi leo, na daftari la michango liwe la safari ya pamoja kwenda nyumbani, tukiwa tumekaa kwenye viti na tumefunga mikanda.

Sasa Mwenyekiti, watoto wameshaanza kunitazama vibaya. Wapike wetu karibuni mpakue, na nusu ya kila sahani iwe kachumbari.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.